Nilivyojifunza Pikipiki kwa Ajili ya Ng'ombe wa Kapsokwony

Wenzangu wa kwaya, mmenichosha. Tangu nirudi, kila tukikutana lazima mmoja anishike mkono aulize kovu hili la kiwiko limetoka wapi, na mwingine aulize kama ni kweli nilianguka nikawa natoa moshi. Tena Alhamisi iliyopita nilipotoka nje katikati ya mazoezi, simu sikioni, mkasema nimenuna kwa sababu Mama Wekesa amepewa kuimba peke yake ubeti wa tatu. Sikununa. Nawaandikia haya yote mara moja ili mniache niimbe kwa amani.

Mambo ya kununua pikipiki, leseni na makaratasi yake nitayaruka, maana mlikuwepo nikilalamika. Nianzie kwa ng'ombe.

Kazi yangu mnaijua, ingawa mkiwa mezani hamtaki niitaje. Ninabeba mtungi wenye baridi kali, na ndani yake zimo mbegu za madume wazuri. Ng'ombe wa mtu akianza kulilia dume, mwenyewe ananipigia simu, nami naenda kumpandisha. Ng'ombe akilia asubuhi, apandishwe jioni ya siku hiyo hiyo. Ukifika kesho yake umefanya kazi ya bure. Akishika mimba ananyamaza. Asiposhika, siku ya ishirini na moja au hapo karibu analia tena, na simu inayofuata huwa haina salamu.

Mama Chemutai wa Kapsokwony alikuwa amenipigia mara mbili. Huyu ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa maziwa kule mlimani, mama mrefu asiyepoteza maneno. Mara ya kwanza makanga alikataa kubeba mtungi wangu kwa sababu ulikuwa unatoa mvuke mweupe, akasema abiria wake wana watoto. Mara ya pili bodaboda aliniacha Kimilili mvua ilipoanza. Mara zote mbili nilifika kesho yake. Hiyo mara ya pili Mama Chemutai alinipokelea langoni, na lango akalifungua nusu.

"Daktari, mimi sina maneno mingi," akasema. "Hii ng'ombe ikilia tena na wewe ukuje kesho yake, nitaita dume ya jirani. Hiyo dume ikishindwa, naiuza kwa bucha. Na hao mama wengine wote wananiangalia mimi nitafanya nini."

Nilirudi Kitale nikahesabu kwenye kalenda ya jikoni: siku ishirini na moja. Nina miaka arobaini na minane, na maisha yangu yote nimebebwa na wengine. Usiku ule nilimwambia mume wangu, Baba Kamau, kwamba safari ijayo nitajipeleka mwenyewe.

Kitale hadi Webuye, pamoja na kabeji

Mmeuliza kwa nini sikujifunzia hapa hapa Kitale. Wateja wangu wote wako hapa. Nani atamwita daktari aliyemwona mtaroni asubuhi, miguu juu? Mama Wekesa ndiye aliyenipa dawa: dada yake, Mama Nafula, anakaa Kanduyi na amefundisha watu wengi pikipiki. Basi siku ya kumi nikafunga safari.

Pikipiki yangu ilipanda kenta, lori dogo lililobeba kabeji, ikafungwa kamba pande nne, kiti chake bado kina nailoni ya dukani. Sikutaka kuitoa, na mnanijua. Hata makochi yangu yalikaa na nailoni miaka mitatu. Mimi niliketi mbele na dereva, mtungi katikati ya miguu yangu, kwa kuwa mtungi huo siuachi nyuma hata nikienda harusini. Baba Kamau alitusindikiza hadi barabarani. "Rudi na miguu yote miwili," akasema, akarudi kukamua.

Tulipofika Webuye gurudumu la nyuma lilipasuka, na lilipozibwa, la pili yake likatoa hewa. Tulikaa hapo saa tatu nzima. Nilikula chapati na maharage ya madondo kwenye kibanda kando ya barabara kuu, madondo mazito yaliyopikwa kwa subira, na sijapata kula mengine kama hayo tangu hapo. Nikiwa bado nakula, fundi wa magurudumu aliiona pikipiki kati ya kabeji.

"Mama, hongera," akasema. "Unapelekea kijana kazi?"

Nilitaka kumwambia ni yangu. Lakini alikuwa ameshawageukia wenzake. "Mnaona mzazi? Wengine wananunulia kijana simu. Huyu ananunua kazi!"

Wakaja kunisalimu kwa mkono, mmoja mmoja. Wakaniuliza kijana anaitwa nani, nikasema Kamau, na huo haukuwa uongo, ila Kamau ni karani na anaogopa hata baiskeli. Mama mmoja muuza ndizi aliniletea kichane cha ndizi mbivu. Akakataa malipo. "Mpelekee kijana. Mtu asianze kazi na tumbo tupu," akasema.

Ndizi zile nilizila zote njiani, moja baada ya nyingine, na kila moja ilinichoma. Mama wa watu amenipa jasho lake kwa ajili ya kijana ambaye hayupo, kwa sababu mimi, mtu mzima, nimeona haya kusema pikipiki ni yangu. Dereva aliniona nimekunja uso akaniuliza kama ni kichefuchefu.

Kanduyi, na Mama Nafula

Mama Nafula tulimkuta kando ya barabara karibu na uwanja wa michezo, anamenya njugu. Ana miaka sitini kasoro, mfupi, ana mikono ya mtu aliyebeba vitu vizito. Kwa miaka mingi alikuwa akiteremsha maziwa kutoka mlimani kuja Bungoma kwa pikipiki yake mwenyewe, enzi ambazo wanaume walisimama kando ya barabara kuangalia kama kweli ni mwanamke. Aliizunguka pikipiki yangu mara mbili bila kunisalimu.

"Hii mari ni ya nani?" akauliza, kwa ule ulimi wake unaogeuza l kuwa r.

Ladha ya ndizi ilikuwa bado mdomoni. "Yangu," nikasema.

Akacheka, akainama, akaichana ile nailoni kwa meno. Moyo wangu ulipasuka pamoja nayo.

Jioni hiyo tulikula ugali wa wimbi na mrenda. Sisi tuliolelewa kwa mukimo, viazi vya kupondwa, hatujafundishwa namna ya kukamata mboga inayoteleza. Kila tonge langu lilichora mstari kutoka sahani hadi kidevuni. Mama Nafula aliniangalia, akasema, "Zungusha mkono, kata, harafu peleka. Usiogope chakura." Nilizungusha, nikakata, nikapeleka. Nikamwambia kama pikipiki ni rahisi hivi nitarudi kesho kutwa.

Siku ya kwanza uwanjani hakuniruhusu hata kugusa ufunguo. Nilisukuma pikipiki kwa mikono, nikazunguka uwanja mara nane, naye ametulia kwenye ndoo aliyoipindua akila njugu. Nilimuuliza kama hayo ndiyo mafunzo. Akasema mtu asiyejua uzito wa kitu kikiwa kimekufa hawezi kukitawala kikiwa hai. Siku ya pili nilijifunza kupiga kiki, na pikipiki ilinipiga ugokoni kwa kurudisha kiki. Siku ya tatu nilijua klachi, gia na breki, nikaendesha mstari mnyoofu, na nikaingia kwenye goli.

"Usiangarie gurudumu!" alikuwa akipiga kelele. "Angaria penye unaenda! Ukiangaria mti, utaenda kwa mti!"

Siku ya nne ndipo alipoleta mtungi wa plastiki wa lita ishirini. Akautia maji nusu, akaufunga nyuma ya pikipiki kwa mpira wa tyubu, na kifuniko akakiweka mfukoni mwake. Nilidhani amesahau kukifunga.

"Sijasahau," akasema. "Ukijaza, maji inakaa kimya. Ukiwacha nusu, inayumba, na ikiyumba ni wewe umeyumba. Zunguka, urudi nayo."

Nilizunguka. Niliporudi mtungi ulikuwa mtupu na rinda langu lilikuwa limelowa mpaka viatu. Mama Nafula alichukua kijiti, akakichovya mtungini, akakitoa kikavu, akanionyesha. Hivyo ndivyo alivyojifunza yeye mwenyewe kubeba maziwa, na hivyo ndivyo anavyofundisha kila mtu, awe mwalimu, mchungaji au kijana wa bodaboda. Hana habari na mwendo wako, anapima maji. Mimi nami, wenzangu, kila asubuhi hupima mtungi wangu wa baridi kwa rula ya mbao niliyoichovya vivyo hivyo. Nilipoona kile kijiti nilijua nimefika kwa mwalimu wangu.

Kila siku kijiti kililowa zaidi kidogo. Nilijifunza kukata kona bila kushtuka, kubana breki polepole, na hasa kuanza safari. "Simama. Acha maji iturie kwanza," aliniambia mara mia. "Ikituria, achiria krachi pole pole." Tulibakiza jambo moja tu, milima, maana uwanja wa Kanduyi ni bapa. Aliniambia kwa mdomo tu kwamba kwenye mteremko gia ndiyo breki yangu na injini isizimwe kamwe. Kwa vitendo, tungeenda kujaribu Jumatatu.

Ng'ombe hasomi kalenda. Siku ya kumi na tisa, saa moja asubuhi, simu ikalia.

"Daktari, imeanza kulia," Mama Chemutai akasema. "Dume ya jirani nimeambia ikuje saa kumi."

Nilikaa kitandani nikiwa nimevaa kiatu kimoja. Mama Nafula alikuwa amesikia, kwa sababu nyumba yake haina siri. Akaja na chai, akasimama mlangoni.

"Nikupereke?" akauliza. "Pikipiki yangu iko na mafuta."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema ndiyo. Yeye ameipanda barabara ile mara nyingi kuliko nilivyopanda ngazi za kanisa. Lakini nilifikiri: leo atanipeleka, na baada ya siku nyingine ishirini na moja? Nikasema nitaenda mwenyewe. Hakubisha. Alinifungia mtungi wangu kwa ule ule mpira wa tyubu, akauvuta kwa nguvu zote, akautikisa, na akanifungia vazi langu la mvua kiunoni kana kwamba mimi ni mtoto wa shule.

Kanduyi hadi Chwele

Nilitoka saa nne, baada ya kujaza mafuta na kujipa moyo. Kuvuka barabara kuu kulinichukua robo saa, kwa sababu kila nilipoona nafasi, lori lenye matela lilitokea na nafasi ikaondoka. Nilipovuka nikagundua nimeimba ubeti wote wa kwanza wa wimbo wetu wa Pasaka kwa sauti.

Niliendesha gia ya pili na ya tatu, pembeni kabisa. Nilipitwa na kila kitu, hata baiskeli iliyobeba kreti tatu za soda. Lakini wenzangu, kuna furaha ambayo siwezi kuificha. Miwa ilipita pande zote mbili, hewa ilinipiga kifuani, na sikumlipa mtu wala kumwomba mtu. Nilijiambia kwa sauti, Wambui, ni wewe.

Chwele ilikuwa siku ya soko. Ng'ombe walijaa barabarani kutoka upande hadi upande, wengine wanauzwa, wengine wameuzwa wanaondoka, na katikati yao ni mimi. Injini ilizima. Nikaiwasha, nikaenda hatua nne, ikazima. Mara ya tatu fahali mmoja mweusi alisogea kunusa mtungi wangu, na nawaapia alijua kilichomo.

Mchuuzi mmoja wa ng'ombe, mzee wa makoti mawili, aliniona jasho linanitiririka. Alikuwa katikati ya kupatana bei, na mnajua mchuuzi hawezi kuacha bei njiani. Aliiacha. Akainua fimbo yake, akatangulia mbele ya gurudumu langu, akipiga ng'ombe wa watu makalioni kushoto na kulia.

"Pisheni! Pisheni, bana! Mama anajifunza!" akawa anaita.

Nusu ya soko iligeuka kunitazama. Mwezi uliopita ningetamani ardhi inimeze. Nilipita katikati yao gia ya kwanza, nikampungia mkono, na pikipiki ikayumba mpaka nikaurudisha mkono haraka mahali pake.

Mteremko

Baada ya Chwele barabara inateremka kwenda daraja la mto. Hapo juu nilipitwa na pikipiki mbili, na kilichonishangaza ni kwamba hazikuwa na sauti. Waendeshaji walikuwa wamezima injini, wanateremka bure, makoti yao wameyavaa mgongo mbele kukinga upepo. Wenyewe huita kuenda free. Mafuta hayaungui hata tone.

Mnajua nilikolelewa. Mama yangu alizima makaa kwa maji kila usiku ili yawake tena kesho. Nilipowaona wale wanateremka bila gharama, maneno yote ya Mama Nafula yalinitoka. Nikazungusha ufunguo.

Mwanzo ulikuwa mtamu, sitawadanganya. Kisha mwendo ukazidi. Nikakanyaga breki ya nyuma, ikanuka mpira ulioungua. Mwendo ukazidi tena. Nikaogopa, nikaangalia mtaro, na kama nilivyofundishwa, ukiangalia mtaro utaenda mtaroni. Nilibana breki ya mbele kwa vidole vyote. Gurudumu likateleza kwenye mchanga, na mimi nikaingia kwenye nyasi za nepia za mtu kwa kiwiko.

Sikuhisi maumivu. Nilisikia tu mluzi wa mtungi, umelala ubavu, unatoa wingu jeupe. Baridi ile ikiisha, mbegu zote zinakufa. Nilitambaa kuuendea. Watu wa shambani walikuwa wamekimbilia upande wa pili wa barabara, mama mmoja anaita jina la Yesu.

Mmoja wa wale waendeshaji alikuwa amesikia kishindo akarudi. Akatupa pikipiki yake chini, akakimbia kuja kwangu. "Mathe, toka hapo! Hiyo kitu inaungua!" Akafungua chupa yake ya maji ya kunywa, akamimina yote juu ya mtungi kuuzima. Wingu likawa mara tatu. Akaruka nyuma akaanguka kitako.

"Si moto!" nikamwambia. "Ni baridi!"

"Ati baridi? Na inatoa moshi?"

"Ni mbegu za ng'ombe!"

Alinitazama kama mtu anayefikiri mama huyu amegonga kichwa. Lakini alisogea, akanisaidia kuusimamisha mtungi. Alikuwa amedhani utalipuka, na bado alisogea. Hilo sitalisahau.

Nilichovya rula yangu, nikaitoa, nikaipunga hewani mpaka barafu ikajichora pale baridi ilipofika. Vidole vitatu. Asubuhi vilikuwa kumi. Vidole vitatu vinatosha mpaka jioni, iwapo mtungi hautaanguka tena. Nilikaa kwenye nyasi, damu inatiririka kiwikoni, nikalia kwa hasira. Nilijikasirikia mwenyewe, kwa tone la mafuta.

Jina lake aliniambia ni Wafula. Aliunyoosha usukani wangu kwa magoti, akafunga mtungi upya, akasikiliza habari yote ya Mama Chemutai na dume la saa kumi. Saa ilikuwa saba na nusu.

"Mathe, ni wewe ulizima engine?" akauliza taratibu.

"Niliwaona nyinyi."

Akainamisha kichwa. "Sisi tuko na miaka kumi kwa hii barabara, na bado tunaangukanga. Hiyo ni makosa yetu, si yako." Kisha akasema, "Si nikupeleke?"

Safari hii halikuwa jambo la kiburi; niliogopa kweli. Nikamwambia anitangulie, mimi nimfuate.

Kimilili hadi Kapsokwony

Sijaona kazi nzuri kama ile aliyoifanya Wafula. Alikwenda mbele yangu, polepole kwa mwendo wangu, akiacha abiria waliomwita kando ya barabara. Mkono wake wa kushoto aliuweka nyuma ya mgongo, juu ya lile koti lililogeuzwa, na kwa vidole akanionyesha gia. Vidole vitatu, naweka ya tatu. Viwili, nashuka. Kiganja kikifunguka, napunguza. Hakugeuka nyuma hata mara moja. Alisikia injini yangu kwa masikio, na kila nilipokosea kidole chake kilijua kabla yangu.

Baada ya Kimilili barabara inapanda kweli kweli. Mlima ulisimama mbele yangu na mashamba ya vitunguu na migomba yamening'inia ubavuni mwake. Karibu na kona ya mwisho, mbuzi watatu walikatiza. Wafula alipita. Mimi nilisimama, injini ikazima, na pikipiki ikaanza kurudi nyuma.

Nilibana breki zote mbili. Mtungi ulikuwa unayumba mgongoni mwangu, nausikia ukigonga taratibu. Wafula alikuwa ameshapotea kwenye kona. Kisha nikamsikia Mama Nafula waziwazi, na njugu zake mdomoni: acha maji iturie kwanza. Nikangoja. Lori lilinipita likipiga honi, sikuligeukia. Nikangoja mpaka mtungi ukanyamaza. Nikapiga kiki, gia ya kwanza, nikaachilia klachi pole pole, nikaachilia breki. Pikipiki ikapanda.

Wafula alikuwa ameiacha pikipiki yake juu ya kona, anakuja kunitafuta kwa miguu. Aliponiona aliinua mikono yote miwili kama mtu aliyefunga bao. Hapo tuliagana. Nilipofungua mkoba akasema mama yake ana ng'ombe Kimilili ambaye hajazaa, nichukue namba yake ya simu, nisimtangulize mteja mwingine mbele yake.

Langoni kwa Mama Chemutai dume la jirani lilikuwa limeshafika. Limefungwa kwenye nguzo ya ua, kubwa, jekundu, mwenyewe amelishika kamba. Ng'ombe analia ndani. Saa ilikuwa kumi kasoro dakika tano. Nilizima pikipiki, nikashuka, mguu mmoja ukakataa kunyooka. Nina matope, nina damu, nina nepia kwenye nywele.

Mama Chemutai alitoka, akatazama barabara nyuma yangu, juu na chini.

"Nani amekuleta?" akauliza.

"Nimejileta."

Alinitazama kiwiko, akatazama pikipiki, akatazama mtungi. Kisha akamgeukia jirani yake. "Rudisha dume yako," akasema, akalifungua lango lote.

Kapsokwony hadi nyumbani

Nilimpandisha ng'ombe mkono ukiwa umefungwa kitambaa. Kwenye rula barafu ilikuwa imebaki kidole kimoja na nusu. Jioni Mama Chemutai alinipa maziwa lala na ugali, akakipaka kiwiko changu dawa yake ya majani iliyowasha kuliko kuanguka kwenyewe, na hakusema neno la sifa. Asubuhi nilikuta ameiosha pikipiki yangu.

Niliteremka kuja Kimilili gia ya kwanza, injini ikinguruma, mafuta yakiungua, nami sikuyahesabu. Mama aliyebeba mkungu wa ndizi kichwani alinipita akanipa pole. Nikapita Kamukuywa, nikapita Kiminini, nikaingia nyumbani saa nane mchana. Baba Kamau alihesabu miguu yangu, akasema ipo miwili, akaenda kuniwekea maji ya kuoga. Jumamosi iliyofuata nilishuka Webuye kumtafuta yule mama muuza ndizi nimwambie ukweli. Alicheka sana, kisha akasema ningesema tu, angenipa vichane viwili.

Baada ya hapo nilikuwa nangoja. Siku ya kumi na tisa simu haikulia. Ya ishirini, kimya. Ya ishirini na moja sikula vizuri. Ya ishirini na mbili ndiyo ile Alhamisi yenu, na simu ilipotetemeka mfukoni katikati ya ubeti wa pili, nikaona jina la Mama Chemutai. Nikatoka nje nikasimama kando ya pikipiki. Hakusalimu, na mnajua nilishawaambia simu isiyo na salamu ina maana gani.

"Tangu juzi niko na yeye zizini," akasema. "Asubuhi mpaka jioni. Nimeweka hata kiti."

Nikashika kiti cha pikipiki.

"Daktari, ng'ombe imenyamaza."

Mama Wekesa, nasikia ubeti wa tatu uliuimba vizuri sana. Mimi sikuusikia. Nilikuwa nje, nimekumbatia kiti cha pikipiki, nalia.